Waliomlilia Wawira

Nimestaafu. Wanaotaka kucheka wacheke wamalize. Najua mstaafu mliyemzoea ana mvi, ana bakora na ng'ombe wawili wa gredi, na mimi nina meno yote na mtoto mgongoni. Lakini kazi ikiisha imeisha. Kule kambini mliniomba nije niwape hotuba ya kuaga, mkasema kutakuwa na keki. Keki yenu kuleni. Mimi nitaandika, kwa sababu nikisimama mbele yenu nitapiga kelele, na miaka yote mlinijua kama mtu wa kunyamazisha wengine.

Nawaandikia hasa nyinyi mnaoshika maiki sasa, mnaoletwa kambini na tuzo zenu mpya ili wazee wa sinema wawakomaze. Nani alipandishwa cheo na nani alipewa kombe la glasi akapigwa picha, hayo tafuteni kwingine. Cheo changu kilikuwa kusimama pembeni na fimbo ndefu, na sikuwahi kutaka kingine.

Nilianza mwaka uleule niliomaliza kidato cha nne, Meru mjini, kwenye studio ya kupiga video za harusi, orofani juu ya duka la magodoro. Siku ya kwanza nilipewa fimbo ya maiki, nikaambiwa niinyooshe juu ya vichwa vya watu na isionekane. Nilichofichwa ni kwamba mchungaji angeomba kwa muda mrefu vile. Mikono ilichoka, fimbo ikashuka polepole, maiki ikamgusa mchungaji utosini, na ile soksi ya manyoya tunayoivisha ikampapasa. Akaongeza sauti. Nafikiri mpaka leo anashuhudia kwamba siku ile Roho alimshukia.

Miongoni mwa wageni alikuwepo Mzee Ireri. Nyinyi mmemkuta akiwa mshauri, anakaa kwenye kiti cha plastiki na watu wanamletea chai. Mimi nilimkuta akibeba mzigo wake mwenyewe. Ni mtu wa Embu, mwembamba, amerekodi sauti za filamu tangu enzi za tepu, na havai kitu chochote kinachochakarisha. Alinifuata nje ya kanisa, akaniambia mkono wangu ni mbovu lakini uso wangu ulikuwa unasikiliza. Mkono unafundishika, alisema. Jumatatu nikaripoti kwake.

Somo lake la kwanza halikuhusu mashine. Alinipeleka kwenye ukumbi mtupu wa shule, akafunga mlango, akaniuliza nasikia nini. Nikajibu hakuna kitu. Akanitoa nje, akanirudisha, akauliza tena. Nikajibu hakuna. Ilipofika jioni nilikuwa nasikia bati likinyooka kwa ubaridi, mchwa ndani ya kizingiti, na mlio mmoja mzito usio na mahali unakotoka, ambao aliniambia ndio ukumbi wenyewe. Kila chumba kina kimya chake, alisema, na hakuna viwili vinavyofanana.

Mnajua kwa nini tunakirekodi, lakini mama zenu wakisoma hawajui, kwa hiyo naeleza. Baada ya kila onyesho, kabla watu hawajatawanyika, mtu wa sauti huinua mkono. Kila mmoja husimama alipo, naye hurekodi chumba kikiwa hakisemi chochote. Baadaye mhariri akikata kikohozi cha mtu, huziba shimo kwa kimya cha chumba kilekile. Akiziba kwa cha chumba kingine, mtazamaji hushtuka na hajui amshtukie nani. Na sheria ya mkono ule ni moja. Mkono ukiwa juu, hata nyoka apite juu ya mguu wako, unangoja ushuke. Mzee Ireri alinifunza hivyo kwa ukali mpaka ikaingia kwenye mifupa. Ikumbukeni sheria hiyo. Tutaikuta tena mlangoni.

Mengine aliyonifunza ni haya. Vaa pamba, usivae nailoni. Vua bangili. Betri beba zako, usiamini za mtu. Githeri ya kambini, ile ya mahindi na maharagwe, usiile mchana kama alasiri kuna maonyesho ya ndani, kwa sababu tumbo la githeri husikika kuliko mwigizaji mkuu, na yeye atakulaumu kwa haki. Usifute kitu chochote kabla hujalala juu yake.

Kazi iliyonitia woga wa kwanza ilikuwa mjini Maua. Tulikuwa tunatengeneza filamu kuhusu wafungaji wa miraa. Pikapu zilikuwa zimeshaondoka, wafungaji wameenda kunywa chai, kibanda kimebaki kitupu. Nikainua mkono. Kwenye hedifoni nikasikia watu wananong'ona, wengi, karibu sana, kama walio nyuma ya kisogo changu. Niligeuka. Palikuwa na ukuta. Nikashusha mkono, nikamwambia Mzee Ireri siingii tena mle.

Hakunicheka. Alivaa hedifoni, akashika maiki, akatembea nayo kibandani hatua kwa hatua kama anayetafuta mahali panapovuja. Akafika pembeni, kwenye rundo la majani ya ndizi wanayofungia miraa. Yalikuwa yanakauka. Yakikauka hujikunjua na kuchanika kidogo kidogo, na sauti yake ni ile ya wanawake wanaosengenya kanisani.

"Kila sauti ina mwenyewe," aliniambia. "Mtafute mwenyewe kwanza. Ukimkosa, ndiyo uogope."

Niliishi na maneno hayo. Nilirekodi nyumba zilizoachwa, mochari, msitu wa juu ya Meru wakati wa ukungu, na kila kilichonisisimua nywele nilikitafuta mpaka nikampata mwenyewe. Popo. Bomba la maji. Mzee aliyelala kwenye stoo bila mtu kujua. Sikuwahi kumkosa.

Nikaolewa na mwalimu, mtu wa Embu, ambaye kazi yake iko mbali na nyumbani. Nikazaa msichana. Mnajua desturi ya kwao: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Mama mkwe wangu ni Wawira, anaishi juu ya Embu mjini, kwenye kahawa, kwa hiyo mtoto akawa Wawira. Kwao hilo si pambo. Mama mkwe alipombeba mara ya kwanza hakusema mjukuu wangu. Alisema, "Nimejishika." Mtu na jina lake ni kitu kimoja, na sasa walikuwa wawili ndani yake.

Mtoto alikuwa na pua nyembamba, yenye mafua daima. Akilala alikoroma kama paka. Shikeni hilo.

Kufikia hapo na mimi nilikuwa nimeanza kuitwa kufundisha, na ndipo ilipokuja kambi ya Kiritiri. Mpango mnaujua: kijana aliyeshinda tuzo analetwa, anapewa wazee wa kila idara, anatengeneza filamu yake ya kwanza ndefu huku wakimwelekeza. Kijana alikuwa Murithi, wa Meru, aliyeshinda kwa filamu fupi ya mama anayemtafuta punda wake. Filamu nzuri; sitaisema vibaya kwa sababu ya hasira. Mshauri wa sauti alikuwa Mzee Ireri, na mimi nilikuwa mkuu wa sauti. Nilikwenda na mtoto kwa kuwa ananyonya, na binamu yangu Kagendo wa kumshika.

Hadithi ya Murithi ilikuwa ya mama wa Mbeere anayefiwa na mtoto mchanga wakati wa ukame. Tulitumia nyumba moja ya zamani nje ya soko, iliyohamwa na wenyewe. Kimya cha nyumba ile sikukipenda tangu siku ya kwanza. Kilikuwa kikavu. Bati lilikuwa linalia kwa jua, sawa, lakini chini ya bati hapakuwa na ule mlio mzito. Nilimwambia Mzee Ireri, akasema labda ni sakafu ya mchanga inaumeza.

Mtoto maiti wa filamu alikuwa mwanasesere aliyenunuliwa kwenye mitumba. Kamera ikamkataa; alionekana alivyo, plastiki. Wakajaribu kufunga mto kwa shuka, ukaonekana mto. Murithi akaja kwangu na tabasamu lake, akaanza kwa kunisifu. Halafu akasema kama Wawira akiwa amelala tungemfunika tu shuka nyeupe, dakika moja, hata hatajua.

Nilimwambia hapana. Akaeleza tena. Nilimwambia hapana nyingine, kubwa zaidi. Nikamtazama Mzee Ireri kwa kuwa nilijua atamfukuza. Alikuwa anakunja waya.

"Ni sinema, Mama Wawira," alisema. "Kwenye sinema nimeshazika watu wengi, na tukanywa nao chai baadaye."

"Umezika watu wazima waliokubali," nikamjibu, na nikaenda zangu. Nilidhani yameisha. Mtu ukisema hapana mara mbili kwa Kiswahili kilichonyooka, unadhani yameisha.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Murithi alisema anahitaji sauti ya mto mkavu: mchanga, upepo, lori la mchanga likija kwa mbali. Ni ombi la kawaida. Mto uko chini tu ya ile nyumba. Mtoto alikuwa amelala kwa Kagendo kivulini. Nikachukua begi langu nikateremka. Nilichosahau kuzima ni ile maiki ndogo isiyo na waya, niliyokuwa nimeibana kwenye kichwa cha kitanda asubuhi. Kipokezi chake kilikuwa begini mwangu.

Nilikuwa nimechuchumaa mchangani, hedifoni masikioni. Upepo. Ndege mmoja. Halafu ndani ya masikio yangu, karibu kuliko upepo, mwanamke akashusha pumzi ndefu na kuanza kulia.

Nilijua ni wale wanawake wanne wa sokoni waliokodiwa kuomboleza. Nilikuwa nimewajaribu sauti mwenyewe. Mkubwa wao ni Mama Ngari, na kilio chake kingepasua jiwe. Nikasema moyoni, basi wamepata mto wa kulalia unaofanana zaidi na mtoto. Wa pili akapokea, wa tatu akapokea. Kisha Mama Ngari akaita, kwa Kimbeere, ile sauti ya kumwita mtu aliyeshavuka:

"Wawira. Wawira wetu. Umetuachia nani, Wawira?"

Nilikimbia. Mchanga wa mto unakurudisha nyuma kila hatua, na hedifoni sikuwa nimevua, kwa hiyo nilikimbia huku nikisikia wakimzika mwanangu katikati ya kichwa changu. Njiani simu ikatetemeka mfukoni. Sikupokea.

Nilivyoelezwa baadaye ni hivi. Kagendo aliambiwa nimekubali, na nani amkatalie dairekta. Mtoto akafungwa shuka akiwa usingizini. Wale wanawake wakasema hawawezi kulia hewa. Kilio hutafuta jina, na kwenye hadithi ya Murithi mtoto hana jina, ati ndiyo usanii. Wakamgeukia Kagendo, wakamuuliza, huyu ni nani? Kagendo ni mtoto aliyelelewa vizuri. Ukimuuliza mtoto aliyeshikwa ni nani, anakwambia.

Nilipofika mlangoni kilio kilikuwa kimekatika. Walikuwa wamesimama wote bila kupumua: Murithi, mtu wa kamera, wanawake na shuka zao, na kitandani kifurushi cheupe kidogo. Mzee Ireri alikuwa na hedifoni zake. Mkono wake ulikuwa juu.

Akaniona. Hakuushusha. Na mimi nikasimama.

Sikilizeni vizuri, nyinyi mnaojivunia nidhamu ya seti. Nilisimama. Mwanangu amefunikwa uso hatua tatu kutoka kwangu, na miguu yangu ikatii mkono wa mtu. Hiyo ndiyo kazi tuliyofunzwa. Hapo ndipo nilipostaafu, hata kama nilifanya kazi siku chache zaidi.

Mkono uliposhuka niliruka. Nikafunua shuka. Wawira alikuwa macho. Alikuwa ananitazama kama anayenitambua kutoka mbali. Nilimwinua, akafungua mdomo, uso ukakunjamana, machozi yakatoka. Alikuwa analia, na hapakuwa na sauti.

Mama Ngari aliona mtoto ana mama, na mama anaitika Mama Wawira. Akamuuliza Murithi kama jina lile ni la kweli. Murithi akasema ndiyo, kwani kuna shida? Yule mama alivua shuka ya filamu akaiweka chini taratibu kama chombo cha moto. Wenzake wakafanya vilevile. Chai iliyokuwa imewekwa tayari hawakuigusa.

Ndipo nilipoitazama simu. Alikuwa mama mkwe. Nikampigia.

"Mko salama huko?" aliuliza. Nikasema tuko. Akaniambia, "Nilikuwa napalilia maharagwe. Nimesikia wanawake wananiita, upande wa ng'ambo ya mto. Nimesimama kuitika, nikaona hakuna watu." Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya sukari, "Niliitika au sikuitika? Sikumbuki."

Mtoto alinyonya, alicheza na kidole changu, alilala, alishtuka, alilia. Yote bila sauti. Nilimpeleka hospitali Embu. Daktari akamulika koo, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake, Wawira akageuka. Hana kasoro, alisema, mpe muda. Kagendo alikuwa analia kwa niaba yake, kwa sauti mpaka nikamfukuza nje.

Kadi zote za sauti zilikuwa chini ya ulinzi wangu. Nikakaa na ile aliyorekodi Mzee Ireri mchana ule, nikasikiliza. Kwanza kilio. Halafu kimya cha chumba. Nikaanza kutafuta wenyewe kama nilivyofunzwa. Bati, hilo. Nzi kwenye shuka, huyo. Kamasi za Mama Ngari. Kiatu cha Murithi, hajui kutulia. Pumzi ya mwanamke wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Pumzi yangu mwenyewe mlangoni, kama mbwa aliyekimbia. Maiki ya Mzee Ireri nayo ilikuwa kichwani pa kitanda, shibiri moja kutoka pua yenye mafua ya mtoto anayekoroma kama paka. Nikapandisha sauti mpaka nzi akawa trekta.

Pumzi ya Wawira haikuwepo.

Nilishazoea kukuta sauti ambayo mwenyewe bado hajaonekana. Huyu alikuwa mwenyewe asiye na sauti. Hilo Mzee Ireri hakunifunza la kufanya.

Nikampelekea asikilize. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki. Alisikiliza, akarudisha, akasikiliza. Akakagua waya, akapuliza kichomekeo, akarudisha. Akavua hedifoni, akaziweka magotini, na hakunitazama.

Mama Ngari alinijia kwenye chumba tulichopanga, na wale watatu nyuma yake. Hakuwa na msamaha wa kuomba na hakuomba. Alisema wamelia watu wengi, na kilio ni kama mgeni: hutoka, humsindikiza mwenyewe mpaka kaburini, hulala naye. "Hiki chetu mmekiweka kwa chombo," alisema. "Kitalala wapi? Kila mkikifungua, kitatoka kumtafuta." Waliomlilia ndio watakaomwita arudi, alisema, na lazima aitike. Waende nyumbani kwa mwenye jina. Na kile chombo kije, kisibaki nyuma kikilia peke yake.

Nikamwendea Murithi mbele ya wote, wakati wa chai. Nilimwambia onyesho lile halitatumika. Alishangaa kwa kweli. Alisema pole nyingi kuhusu koo la mtoto, akasema watabadilisha jina kwenye sauti, hakuna atakayejua.

"Mama Wawira, hiyo ndiyo scene inabeba filamu," alisema. "Watu watalia."

"Wameshalia."

"Unajua hii inaweza kufika wapi?"

"Najua ilikofika. Njoo umsikilize. Wee njoo hapa umsikilize akilia."

Wawira alikuwa analia wakati huo, mgongoni kwangu, mdomo wazi. Murithi akatazama, akageuza macho, akamtazama mshauri wake, akamwita babu kwa lugha ya kwao. "Guka, mwambie. Sauti iko poa, si ndiyo?"

Mzee Ireri alichukua muda kukunja hedifoni zake. "Haitumiki," alisema. "Ina kelele."

"Kelele gani? Hapo kuna kimya tupu."

"Mtu wa sauti akikataa, imekataliwa. Nimesema ina kelele."

Nilimwambia aseme ni kelele gani. Aseme mbele yao alichosikia, au alichokosa. Aseme kwamba mama alikataa mara mbili na wakampitia nyuma. Mzee wangu, aliyenifunza kusema ninachosikia na si ninachotaka kusikia, akatazama chini. Aliniokoa, sawa, lakini aliniokoa kwa uongo, na mbele ya vijana waliokuja kujifunza kwake. Wakajifunza nini? Kwamba mashine ikikataa, onyesho linafutwa. Mama akikataa, anatumwa mtoni.

Tulipanda Embu asubuhi: wanawake wanne, mimi, mtoto, na kadi ndani ya leso. Mama mkwe alikuwa ametandika mkeka uani chini ya kahawa. Hakuuliza mengi; walisalimiana na Mama Ngari kama watu waliokwisha kuzungumza. Mama Ngari akaeleza kwamba atamwita Wawira kutoka langoni, na Wawira aitike.

Nikamweka mtoto mapajani mwa bibi yake, nikarudi nyuma. Walisimama wawili wawili kando ya lango.

"Wawira," Mama Ngari akaita. Sauti ileile, ila sasa imegeuzwa kuelekea kwetu.

Mtoto akatazama lango. Hakuna kitu. Nilimwona mama mkwe akivuta pumzi kuitika, maana jina ni lake na ameitikia maisha yake yote. Mdomo ukafunguka. Kisha akamtazama mtoto, akaufunga. Akaubana kwa kiganja.

"Wawira," wakaita wa pili na wa tatu. Akatikisa kichwa, kiganja bado mdomoni, macho yamejaa. Wakaita wote wanne, na jina likapita kwenye miti ya kahawa likarudi.

Wawira wangu akapiga chafya. Halafu akalia. Kwa sauti. Akalia kilio kibaya, cha kukwaruza, kama lango la zamani, na sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo katika masikio haya yaliyosikiliza sana.

Wanawake wakacheka, wakapiga vigelegele, wakakubali chai. Nikamuuliza mama mkwe kwa nini hakuitika. Akasema, "Nafasi ilikuwa moja, mama. Mwacheni alichukue jina. Mimi nimelitumia vya kutosha." Kadi aliichukua mkononi mwangu, akaingia nayo jikoni, kwenye mafiga. Aliporudi hakuwa nayo, na plastiki ilinuka kidogo. Sheria ya kutofuta kitu kabla hujalala juu yake, nilikuwa nimelala juu yake vya kutosha.

Nasikia Murithi alilirudia onyesho kwa rundo la vijiti ndani ya shuka, na nasikia linatosha. Kwani vijiti vilikuwa wapi siku ile? Mzee Ireri hutuma salamu. Sijazijibu. Nyinyi mtakaokaa chini yake, jifunzeni kwake yote, maana hakuna anayejua zaidi. Ila mkono ukiinuliwa na chumbani kuna mtoto, vunjeni kimya. Angusheni sufuria. Koheni. Mkifukuzwa, njooni kwangu mnywe uji.

Sasa naishi kwa mama mkwe. Jina lile halitumii tena. Ukimwita kwa mazoea, haangalii. Ni mtoto anayeitika kutoka uani, hata kama mdomo umejaa ndizi. Mama mkwe mwenyewe anakula, anachuma kahawa, anagombana na kuku. Hana ugonjwa. Lakini mchana akisinzia kwenye kiti chake, nyumba ikitulia, masikio yangu huanza kazi yenyewe, hayajui kwamba tumestaafu. Yanasikia bati. Yanasikia kuku nje. Yanamsikia Wawira akikoroma kwenye mkeka kama paka. Yanakwenda mpaka kwenye kile kiti, yanakaa hapo, yanangoja pumzi.

Nimenunua redio. Tunaiwasha tukiamka, na hakuna anayeruhusiwa kuizima.